Dhamiri Njiani na Dhamiri Mezani: Nagona, Mzingile na Mfano wa Birere

Riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), zimekwisha kuandikiwa mengi. K. W. Wamitila alizichambua kwa upande wa metafizikia katika jarida la Kiswahili mwaka uleule wa 1991, na wahakiki waliofuata wamezungumzia kivuli cha Nietzsche, mapokeo ya Ukerewe, uvunjaji wa umbo la riwaya na ugumu wa lugha yake. Swali moja limebaki pembeni. Mtu wa Kezilahabi anapofikia kufahamu, anawajibika kwa nani, na anawajibika mahali gani? Makala haya yanalichukua swali hilo na kulipeleka Birere, mtaa wa biashara wa mji wa Goma, Kivu ya Kaskazini, karibu na mpaka ambako suala la dhamiri limewahi kuamuliwa juu ya shehena ya chakula kilichooza.

Dai linalotetewa ni hili. Falsafa ya Kezilahabi inaunganisha kwa ustadi fahamu ya mtu na uhai wake, lakini inaichelewesha siasa, kwa kuwa humwondoa mwenye kufahamu katika kazi yake na kumweka njiani. Mfano wa Goma unaonyesha kwamba fahamu, maadili na siasa vinaweza kuwa tendo moja, tena tendo la mtumishi aliyeketi kwenye meza yake.

Neno na mzigo wake

Mwanafunzi wa Goma husoma falsafa kwa Kifaransa na kununua sukari kwa Kiswahili. Hali hiyo humfundisha mapema jambo ambalo msemaji wa lugha moja huchelewa kuliona. Kwa Kifaransa, neno conscience hubeba mambo mawili: hali ya mtu kujitambua na kuutambua ulimwengu, na ile sauti ya ndani inayopima jema na baya. Kiswahili sanifu kimevitenga viwili hivyo. Mgonjwa aliyezimia amepoteza fahamu. Hakuna atakayesema kuwa amepoteza dhamiri. Kinyume chake, mtu aliye macho kabisa, anayehesabu noti bila kukosea hata moja, anaweza kusemwa kuwa hana dhamiri.

Neno dhamiri lina asili ya Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuficha, kuweka jambo moyoni. Wanasarufi wa Kiarabu hulitumia nenohilohilo kwa kiwakilishi, yaani neno linaloshika nafasi ya nomino isiyotamkwa. Kutoka shina hilo Kiswahili kilipata pia dhamira, istilahi ambayo kila mwanafunzi wa fasihi ametakiwa kuitaja katika mtihani: dhamira za riwaya fulani ni zipi? Kwa hiyo dhamiri na dhamira ni ndugu. Zote mbili hudokeza kwamba kilicho cha maana kimefichwa, na kwamba hapana budi kukitafuta ndani.

Lakini tazama kitenzi kinachoandamana na nomino hii. Husemwa kuwa dhamiri inamsuta mtu. Katika desturi za pwani, kusuta si jambo la faragha hata kidogo. Anayesutwa hukabiliwa uso kwa uso, mbele ya watu, kwa ushahidi, juu ya uongo alioutunga au umbea aliousambaza. Nomino inaficha na kitenzi kinafichua. Wasemaji wa Kiswahili waliochagua kuunganisha maneno haya mawili walikuwa wanasema, yamkini bila kukusudia, kwamba baraza la watu limehamia kifuani mwa mtu mmoja. Wahakiki wameitazama zaidi nomino na kukisahau kitenzi.

Katika Kiswahili cha Goma, ambako dh ya pwani hugeuka z na dhambi huwa zambi, neno dhamiri husikika kwa nadra nje ya mimbari na redio. Mtu wa kawaida husema roho yangu inakatala. Aliyesoma kidogo husema fulani hana konsiansi. Neno roho hapa lina upana kuliko dhamiri ya kamusini, maana roho ni pumzi pia, ni uhai, ndiyo inayokatika mtu anapokufa. Anayesema roho yake inakataa hasemi tu kwamba amepima jambo na kuliona baya. Anasema kwamba uhai wake mzima hauelekei huko.

Msafiri wa Kezilahabi

Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki Januari 2020, hakuanza na safari za kiroho. Riwaya zake za kwanza ni za mazingira yanayotambulika: shule, kijiji, baa, shamba, ofisi ya chama. Katika riwaya hizo kufahamu ni hatari. Rosa katika Rosa Mistika (1971) anajiua, na Kazimoto katika Kichwamaji (1974) naye anajiua. Tumaini katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anaishia kunyongwa baada ya kumwua kiongozi. Gamba la Nyoka (1979) inashughulika na vijiji vya ujamaa, na hapo siasa ipo wazi, pamoja na kejeli kwa wasomi wanaoijua nadharia bila kuwajua wanakijiji.

Badiliko lilikuja baada ya tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, iliyohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kezilahabi alikuwa amechoshwa na fikra inayomtenga mjuaji na kinachojuliwa, kana kwamba mtu amesimama nje ya dunia akiipima kwa rula. Nagona na Mzingile ni jaribio la kuandika kutoka mahali ambapo mtengano huo haupo. Msafiri asiye na jina anapita katika mahali pasipo na ramani. Wanafikra wa Ulaya wanatokea kama watu wa ndotoni. Nagona, paa asiyekamatika, anaonekana na kutoweka. Kuna ngoma kuu na matarajio ya mkombozi. Katika Mzingile, msimulizi anakwenda kumpasha habari za kifo mzee aishiye peke yake, mzee ambaye wahakiki wengi wamemtambua kuwa ni Mungu aliyechoka. Dunia inayofuata ni ya majivu.

Haifai kuzidharau riwaya hizi kwa kuwa ni ngumu. Kwa kurasa chache zimefanya jambo ambalo Kiswahili cha maandishi hakikuwa kimelifanya: zimeifanya fahamu yenyewe kuwa mhusika mkuu. Hata hivyo, msomaji anayeuliza msafiri huyu anafanya kazi gani hapati jibu. Hana mwajiri wala mteja, na hakuna stakabadhi inayosubiri sahihi yake. Anawakuta watu, anawasikiliza, anapita. Maadili yake ni maadili ya kutokudanganywa, na siasa yake ni ile ya mtu aliyekwisha kuona kwamba mifumo yote imeanguka.

Atakayesema kwamba kujitenga huko nako ni siasa atakuwa na haki kwa kiasi fulani. Mwandishi aliyeliona Azimio la Arusha la mwaka 1967 likianza kwa matumaini na kuishia kwenye foleni za sukari ana sababu ya kutafuta ukombozi mahali ambapo hapana katibu wa tawi. Lakini jambo hili lina historia ndefu zaidi ya Kezilahabi. Katika Utubora Mkulima (1968) ya Shaaban Robert, mtu mwema anaiacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima. Utu wake unadhihirika kwa kuondoka. Hata katika Kusadikika (1951), ambamo Karama anabaki barazani na kujitetea mbele ya wenye nguvu, silaha yake ni hadithi za wajumbe waliosafiri mbali. Fasihi ya Kiswahili inampenda mtu mwema, ila haimwamini akiwa ofisini. Humtoa nje kwanza, ndipo humpa hekima.

Mezani

Jina la Birere huelezwa kuwa limetokana na majani makavu ya migomba yaliyotumika kujengea nyumba za kwanza za mtaa huo. Leo ni maduka yaliyobanana, maghala, wabadili fedha, wachukuzi, na chukudu za mbao zinazoteremka zikiwa zimebeba magunia. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma na kumeza sehemu kubwa ya mitaa ya biashara. Watu walirudi na kujenga juu ya mawe yaliyopoa. Mpaka na Rwanda, ule uitwao Petite Barrière, uko mwendo mfupi kwa miguu. Kinachovuka asubuhi kinaweza kuwa sufuriani jioni, baada ya kupimwa kwa kopo na kuuzwa kwa mama asiyeweza kununua gunia zima.

Mlolongo huo ndio unaoipa uzito kazi ya Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ambayo hukagua ubora na wingi wa bidhaa. Floribert Bwana Chui Bin Kositi, aliyezaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981, alikuwa mtumishi wa ofisi hiyo mjini Goma, akisimamia bidhaa zilizoharibika. Alisoma chuo kikuu mjini humo, na alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, ambamo alishughulika na watoto wa mitaani, wale ambao Goma huwaita maibobo. Mwaka 2007 aliizuia shehena ya chakula kilichooza isiingie sokoni, akataka iteketezwe. Alishawishiwa kwa fedha, akashinikizwa, akakataa. Tarehe 7 Julai alitekwa, akauawa, na mwili wake ukapatikana siku mbili baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Maisha haya yamekwisha kuwa matini. Papa Fransisko aliyasimulia kwa vijana mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023. Tarehe 25 Novemba 2024 aliidhinisha amri ya kutambua kifo hicho kuwa cha kishahidi, na tarehe 15 Juni 2025 Bwana Chui alitangazwa mwenyeheri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Ibada haikufanyika Goma, mji uliokuwa umetekwa na M23 mwishoni mwa Januari mwaka huohuo. Kwa kuwa ni matini, inaruhusiwa kuhakikiwa. Na namna inavyosimuliwa mara nyingi ina kasoro ileile ya msafiri wa Kezilahabi: shujaa husafishwa kazi yake. Kitenzi kinachorudiwa katika masimulizi ni kukataa. Alikataa fedha, alikataa dhambi, alibaki safi. Msikilizaji huondoka na picha ya kijana aliyeilinda roho yake kama mtu anavyolinda shati jeupe siku ya mvua.

Picha hiyo haitoshi. Anayekataa fedha na kuiacha shehena ipite ameilinda roho yake na kumwua mlaji. Bwana Chui alifanya zaidi ya kukataa: alitambua, akaamua, akazuia. Tendo la kwanza ni la fahamu, kwa maana ya kawaida kabisa. Macho yaliona na pua ilinusa, na mafunzo ya kazi yalimwambia kwamba chakula hiki hakifai. Bila utambuzi huo hakuna dhamiri yoyote ya kuzungumzia. Mtu mwema asiyejua kupima shehena angeipitisha kwa nia njema.

Hapa ndipo matabishi, kama hongo inavyoitwa Kongo, yanapoonyesha sura yao halisi. Kwa kawaida husemwa kuwa hongo hununua sahihi, au kimya. Katika mfano huu kilichotakiwa kununuliwa kilikuwa kikubwa zaidi. Mkaguzi aliombwa asijue anachokijua. Shehena ingepita kwa karatasi inayosema ni nzima, na kuanzia hapo, kwa mujibu wa dola, ingekuwa nzima. Muuza duka wa Birere angeiuza kwa imani, mchukuzi angeibeba kwa imani, mama angeipika kwa imani. Kutojua kwa wote hao kungekuwa kumetengenezwa na mtu mmoja aliyejua. Hongo, kwa hiyo, inaishambulia fahamu kabla ya kuyashambulia maadili, na inaishambulia fahamu ya jamii nzima kupitia kwa mtu mmoja.

Hili linaielekeza hoja kwenye asili ya neno la Kifaransa. Conscientia ya Kilatini imeundwa na con, yaani pamoja, na scientia, yaani ujuzi. Dhamiri kwa maana hiyo ni kujua pamoja. Mkaguzi hajui kwa ajili yake mwenyewe. Anajua kwa niaba ya wasioweza kujua, na mshahara wake ni wa kazi hiyo. Anapojua pamoja nao, maadili yamekwisha kuanza. Anapotia ujuzi huo katika uamuzi wenye nguvu ya sheria, siasa nayo imeanza, pasipo mkutano wala bendera. Msemo unaotajwa sana Kongo, kwamba mbuzi hula pale alipofungwa, hutumiwa kuwahalalisha wanaokula ofisini. Wanaousema hudhani wanazungumza juu ya njaa ya mbuzi; kumbe wanazungumza juu ya dola, kwamba ni majani na si kitu kingine. Kifungu cha 15, ile katiba ya mzaha inayomwamuru kila mtu ajitafutie mwenyewe, kinasema jambo hilohilo. Mtumishi wa umma anayeendelea kukagua katika nchi ya Kifungu cha 15 anaipinga katiba hiyo kwa mhuri wake.

Yawezekana kuulizwa kama ni haki kuipima riwaya ya ishara kwa kifo cha mtu halisi. Kezilahabi hakudai kuandika mwongozo wa watumishi wa forodha. Pingamizi hili lina nguvu, na lingetosha kama riwaya zake zingedai tu kuwa ndoto. Lakini zinadai zaidi. Zinadai kwamba mtengano wa mjuaji na ulimwengu umeshindwa, kwamba mtu na alicho nacho mbele yake ni kimoja. Basi ni haki kuuliza ni wapi umoja huo unaonekana zaidi: kwa msafiri anayepita katika mji wa kimya bila kudaiwa chochote, au kwa mkaguzi ambaye tumbo la mtu asiyemfahamu limo ndani ya uamuzi wake? Kwa kipimo alichokiweka Kezilahabi mwenyewe, wa pili amefika mbali zaidi.

Hata hivyo riwaya zina kitu ambacho masimulizi ya kanisani hayana. Zinajua kwamba mwenye kufahamu huwa peke yake, na kwamba upweke huo unatisha. Mahubiri hupita haraka kutoka kwenye ofa hadi kwenye taji. Siku zilizokuwa katikati, ambamo kijana alirudi nyumbani jioni akijua kwamba asubuhi watamngojea tena, hazina mwandishi. Lugha ya kuziandika ipo, na inapatikana Nagona: sentensi fupi, ukimya unaosikika, mtu anayesema na nafsi yake bila kuamini kila inachomjibu. Mwandishi wa Goma atakayeichukua lugha hiyo na kuirudisha mezani, palipo na mhuri na simu inayolia, atakuwa amempa Kezilahabi msomaji anayemstahili.

Kutoka kwa mmoja hadi kwa wengi

Katika mji huohuo, mwaka 2012, vijana walianzisha harakati ya kiraia ya LUCHA, isiyotumia silaha na isiyo chama cha siasa. Walidai maji, barabara, ajira na usalama. Wawili miongoni mwao, Fred Bauma na Yves Makwambala, walifungwa Kinshasa kuanzia Machi 2015 hadi Agosti 2016. Mwaka 2016 harakati hiyo ilikuwa miongoni mwa waliopewa na Amnesty International Tuzo ya Balozi wa Dhamiri. Hapa neno limekwisha kutoka kifuani. Balozi hawezi kuwa wa kitu kilichofichwa. Anatumwa kwa wengine, anasema hadharani, na kama kitenzi cha pwani kinavyotaka, anasuta.

Ni jambo la kuvutia kwa mwanaisimu kwamba hapa roho ya Birere, pamoja na upana wake wote, inashindwa. Roho yangu inakatala ni sentensi kamili ya mtu mmoja, na yamkini hakuna iliyo bora kuliko hiyo kwa kueleza mwezi Julai 2007. Lakini jaribu kuwaita Bauma na Makwambala wafungwa wa roho mbele ya meza ya mbadili fedha wa Birere, naye atauliza ni mapepo gani yaliyowafunga, na ni mchungaji yupi aliyewaombea hadi wakafunguliwa.